Programu ya mafuriko imeboreshwa, lakini nani ataamsha Makobola usiku?

MAKOBOLA, FIZI – Kwa watu wanaolala kati ya mlima na ziwa, swali la msimu wa mvua ni moja: maji yatashuka usiku huu au hayatashuka? Mbali sana na hapa, huko Italia na Uingereza, kuna wataalamu wanaojaribu kulijibu kwa kompyuta, tena kwa mito ya dunia nzima. Programu yao inaitwa GloFAS. Ni mali ya Umoja wa Ulaya, chini ya mpango wa Copernicus, na mashirika ya kiutu huitazama yanapotaka kujua ni wapi mafuriko yanaweza kutokea.

Tarehe 26 Julai 2023 programu hiyo ilipata toleo jipya, la nne. Wenye kuitumia walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini toleo jipya la programu ni kama barabara iliyotengenezwa hadi Uvira: habari ni njema, ila mtu wa Makobola anauliza imeishia wapi.

Jinsi inavyofanya kazi si siri wala si uchawi. Kila siku kompyuta hupokea utabiri wa mvua. Si utabiri mmoja, ni 51, kila mmoja ukianza tofauti kidogo na mwenzake, kwa sababu hakuna anayeijua hali ya hewa ya leo kwa ukamilifu. Kila utabiri unapitishwa kwenye hesabu iitwayo LISFLOOD: mvua kiasi gani itaingia katika udongo, kiasi gani itanywewa na mimea, kiasi gani itateremka mtoni. Yanatoka makadirio ya maji ya mito, hadi siku 30 mbele. Kama hesabu 40 kati ya 51 zinasema mto utapita kiwango chake, hatari ni kubwa. Kama ni 5 tu, watu wanaangalia na kusubiri. Wavuvi wa ndagala wanaielewa njia hii bila kompyuta: mzee mmoja akisema upepo utageuka, wenzake wanamcheka, wazee kumi wakisema, mitumbwi haitoki.

Ili kufanya hesabu hiyo, programu inaikata dunia katika vipande vya mraba, kama daftari la hesabu la shule. Katika toleo la tatu kila kipande kilikuwa na upana wa kilometa 11 hivi. Katika toleo la nne upana umeshuka hadi kilometa 5 na nusu. Kwa eneo, kipande cha zamani kilibeba kilometa za mraba zaidi ya 120, cha sasa kinabeba karibu 30. Hilo ndilo badiliko lililosifiwa zaidi, na si dogo. Ndani ya kipande kimoja programu inaweza kuonyesha mto mmoja tu. Mito miwili ikipita humo, kwa kompyuta ni mto mmoja. Kwa hiyo vipande vikiwa vidogo, mito iliyokuwa imefichana inaanza kutengana.

Kuna badiliko la pili ambalo halizungumzwi sana, na kwa Kivu Kusini pengine ndilo muhimu zaidi. Hesabu ya namna hii lazima ifundishwe: inalinganishwa na maji yaliyopimwa kweli na watu kwenye mito ya kweli, halafu inarekebishwa. Toleo la tatu lilifundishwa kwa vituo vya kupima zaidi ya 1,200 duniani. La nne limefundishwa kwa karibu 2,000. Mahali pasipo na kituo, toleo jipya linaazima: linatafuta mto mwingine wenye hali ya hewa inayofanana, ulio karibu kadiri inavyowezekana, na kuchukua tabia zake. Ni kama mtu anayekadiria hasira za mtoto asiyemjua kwa kumtazama mtoto wa jirani. Mara nyingine anapatia. Lakini mito yetu mingi iko upande huo wa kuazimiwa, kwa sababu hakuna anayeipima. Vituo vingi vilivyowekwa Kongo nyakati za Wabelgiji vilikufa zamani, na mto usiopimwa hauwezi kumfundisha mtu kitu, hata awe na kompyuta kubwa namna gani.

Sifa zitolewe panapostahili. Maji yanayotisha pwani hii ya kaskazini ya Tanganyika ni ya aina mbili, na moja kati ya hizo kompyuta inaiweza. Ziwa lenyewe huinuka polepole. Mwaka 2020 na 2021 lilipanda, likaingia katika nyumba za Uvira, na huko ng'ambo Burundi mafuriko yakawahamisha watu wengi wa Gatumba. Mwaka 2024 likapanda tena. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na mlango huo ni mwembamba. Mvua nyingi za mwaka mmoja zinakaa ndani miezi mingi. Setilaiti zinapima kimo cha ziwa kutoka angani, na Uvira kuna kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, ambacho wenyeji wote wanakijua. Maji ya namna hii yanaweza kutangazwa wiki nyingi kabla. Mto Rusizi nao ni mrefu, unatoka Ziwa Kivu, unapita Kamanyola na kuteremka tambarare. Kwa mto kama huo, vipande vidogo na vituo vingi ni msaada wa kweli. Mkulima wa mpunga wa Kiliba, au familia iliyojenga karibu na mdomo wa Rusizi, angepewa siku tatu tu angeokoa magunia yake na vitanda.

Maji ya aina ya pili ni ya mlimani, na hapo sifa zinapungua haraka.

Anayetoka Kalundu kwenda Makobola kwa pikipiki anajua amevuka vijito vingapi. Mkono wa kulia kuna mlima unaopanda hadi nyanda za juu, zaidi ya meta 2,000, na mkono wa kushoto kuna ziwa lililo kwenye meta 770 na kitu. Kati yao kuna barabara, nyumba, mihogo, na mahali pengine nafasi isiyotosha hata kiwanja cha mpira. Kipande kimoja cha ramani mpya, hata kwa upana wake wa kilometa 5 na nusu, kinaweza kumeza mlima, barabara, nyumba na maji ya ziwa kwa pamoja. Vijito vinne au vitano vinavyoshuka humo, kila kimoja na hasira yake, vinakuwa namba moja.

Kisha kuna jambo la saa. Toleo la nne limegawa nafasi mara mbili zaidi, lakini makadirio yake bado yanatolewa kwa siku nzima nzima. Mto wa mlimani haungoji siku. Mvua inapiga juu saa nne za usiku, maji yanafika chini saa sita na mawe na magogo, na kabla ya jogoo kuwika mto umerudi kuwa kijito ambacho watoto wanakiruka. Ukichukua maji hayo ukayagawa kwa saa 24, yanaonekana madogo. Kwenye kompyuta siku hiyo inaweza kupita kama siku ya mvua tu.

Waliotengeneza programu hawakuficha hili. Wanasema katika maelezo yao kwamba GloFAS haitoi taarifa za mafuriko ya ghafla. Tatizo ni safari ya maneno. Sentensi hiyo inaandikwa Ulaya kwa Kiingereza, inapotea njiani, na inayofika kwenye mikutano ya huku ni nyingine fupi zaidi: "sasa kuna mfumo wa kutabiri mafuriko." Kuanzia hapo ni rahisi sana mtu kusema, baada ya mazishi, kwamba watu walionywa.

Tuchukue mafuriko matatu ambayo Kivu Kusini haitayasahau. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe na mingine ya Uvira ilipasua kingo. Makumi ya watu walikufa, karibu watu 80,000 waliguswa, na hata mitambo ya maji ya Regideso, ambayo inachota kutoka Mulongwe huohuo, iliharibika, mji ukabaki na maji kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Wakati ule programu ilikuwa na vipande vya kilometa 11. Tarehe 4 Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe: zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana kamwe. Toleo jipya lilitoka chini ya miezi mitatu baadaye. Halafu usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, kijiji cha Kasaba, katika sekta ya Ngandja, hapahapa Fizi, kando ya ziwa hilihili. Mto Kasaba ulishuka watu wamelala, na viongozi walihesabu vifo zaidi ya 100. Toleo la nne lilikuwa likifanya kazi kwa karibu miaka miwili.

Si haki kuilaumu programu kwa Kasaba. Haikuahidi Kasaba. Lakini ni haki kuuliza kwa nini, kati ya Uvira 2020 na Kasaba 2025, kilichoboreshwa kinachoonekana kwa macho ni hesabu ya Ulaya, wakati juu ya mito ya Fizi ni vigumu kuona hata mti mmoja wenye alama za kupimia maji.

Wahami wanaingia hapa kwa njia ambayo kompyuta inaikosa kabisa. Ramani ya hatari inatengenezwa kwa kuweka maji juu ya watu: mto utafika wapi, na nani anaishi pale. Kongo ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo idadi zote ni makadirio, mengi yakitokana na paa za nyumba zinazoonekana na setilaiti. Sasa, paa la nyumba ya Bijombo kwenye nyanda za juu linaweza kuonekana vizuri sana, na ndani hakuna mtu. Mwenye nyumba yuko kando ya ziwa, familia tatu katika chumba kimoja cha mwenyeji, au chini ya turubai ambalo kwa setilaiti halifanani na nyumba. Desemba 2025, M23 ilipoingia Uvira, watu kwa maelfu walivuka kwenda Burundi na wengine wakateremka kusini kuelekea Fizi. Hakuna toleo la programu linaloweza kufuata mwendo kama huo kwa wiki moja. Ramani inaendelea kuwalinda watu mahali wasipolala.

Na wanalala wapi? Ardhi iliyo wazi pwani hii ina sababu ya kuwa wazi. Mwenyeji anajua kwamba mchanga ule mweupe kando ya kijito ni kitanda cha mto unaorudi kila baada ya miaka. Babu yake alimwambia. Anayefika usiku na watoto na godoro hana babu pale. Anaona mahali tambarare, karibu na maji ya kuchota, na hakuna wa kumfukuza, anashukuru Mungu. Kwa hiyo mama aliyehama vita Uvira au Mwenga anaweza kuwa ndiye wa kwanza kuchukuliwa na mto ambao hajui hata jina lake. Jambo hili halihitaji setilaiti. Shefu wa kijiji na wazee wawili wakitembea asubuhi moja na kamati ya wahami, wakionyesha kwa kidole "hapa usilale, pale mto ulipita mwaka fulani", wanafanya kazi ambayo toleo la nne haliwezi, na pengine la kumi pia halitaiweza.

Kuna wanaosema: vita haijaisha, mnazungumza habari ya vipimo vya mvua? Vitaibiwa kesho. Hoja hii ina uzito. Kitu cha bei kikiwekwa mlimani, na betri na sahani ya jua, hakitamaliza mwezi. Na yule atakayekaa kukilinda anaweza kuulizwa na wenye silaha anampigia nani simu usiku. Ni hatari ya kweli, na mradi wowote unaoipita bila kuitaja haujafika Fizi.

Lakini kipimo cha mvua si lazima kiwe cha bei. Kule Msumbiji, katika bonde la mto Búzi, miaka ya 2005 hadi 2007 watu wa vijiji walifundishwa kusoma vipimo vya kawaida vya mvua na nguzo za kupimia mto, wakituma habari kwa redio ya mawasiliano kwa walioko chini. Chini walitumia bendera za rangi na vipaza sauti vya mkononi. Kimbunga Favio kilipofika Februari 2007, mpango ule ulisaidia watu kuondoka mapema. Haikuwa dawa ya kila kitu: kimbunga Idai, Machi 2019, kilifunika Búzi kwa maji ambayo hakuna bendera ingeyazuia. Na Búzi ni mto mkubwa, unampa mtu muda mrefu kuliko vijito vya hapa. Makobola muda unaweza kuwa saa moja, au chini ya hapo. Hata hivyo saa moja ni nyingi. Kumbeba bibi kutoka mchangani hadi juu ya barabara hakuchukui saa moja.

Hapa ndipo programu ya Ulaya na mzee wa mlimani wanaweza kufanya kazi pamoja, kila mmoja kwa anachokijua. Utabiri wa mvua wa wiki unaweza kusema: kuanzia Alhamisi, nyanda za juu zitapata mvua nyingi kuliko kawaida. Hausemi kijito gani, hausemi saa. Lakini unatosha kumwambia mtu wa juu asilale usiku huo, na mtu wa chini aache simu ikiwa na moto. Bila neno la wiki, mlinzi atachoka kukesha msimu mzima. Hakuna binadamu anayekesha kutoka Septemba hadi Mei. Bila mlinzi, neno la wiki ni wasiwasi tu, na wasiwasi ukirudiwa mara nne bila mto kushuka, mara ya tano hakuna atakayeinuka.

Kuinuka kwenyewe kuna gharama, na wanaoandika maonyo wakiwa ofisini wanaisahau. Kwa familia iliyohama, kutoka nje usiku ni kuacha sufuria, unga na turubai kwa mwizi. Ni kupita gizani mahali ambapo mtu anaweza kudhaniwa adui. Kwa hiyo onyo lenye asilimia lazima lisemwe kama lilivyo. Redio ikisema "hatari ni kubwa, hesabu 40 kati ya 51 zimekubaliana", msikilizaji ana akili ya kuamua. Akiambiwa tu "jihadharini", ameambiwa anachokijua tangu kuzaliwa.

Nani aseme? Kisheria utabiri wa hali ya hewa ni kazi ya Mettelsat, ambayo makao yake ni Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka hapa. GloFAS ni ya bure. Anayejiandikisha anaifungua, hata kwa intaneti ya Uvira siku inapokubali. Redio za jamii za Uvira, Mboko na Baraka zina watu wanaoweza kusoma ramani hiyo wakifundishwa kwa siku mbili, na kuisema kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliiru na Kinyamulenge. Kinachokosekana ni makubaliano ya maandishi kati ya utawala wa wilaya, Mettelsat na redio hizo, ili mtangazaji aliyesoma onyo la mvua asiitwe kesho yake kujibu kwa nini ametia watu hofu. Katika eneo la vita, mtu anayetangaza "ondokeni" anahitaji karatasi ya kumlinda. Mashirika yanayokuja na kompyuta za mkononi kuonyesha vipande vipya vya ramani yangefanya vizuri kuanza na karatasi hiyo.

Na waulizwe pia fedha zimegawanywaje: sehemu gani imeenda kwenye mafunzo hotelini Uvira, na sehemu gani imefika kwa mtu anayekaa juu ya mto, kwa posho yake, koti la mvua, tochi na yunite za simu. Mtandao wa simu ukikatika, kama unavyokatika kila mapigano yakianza, kuna firimbi na kuna ngoma, na sauti inashuka mlimani haraka kuliko maji.

Kwa upande wa chini vifaa tayari vipo. Kanisa lina kengele, msikiti una kipaza sauti, shule ina chuma kinachopigwa saa ya masomo. Shefu, mapadri, wachungaji, maimamu na kamati za wahami wanapaswa kukutana kabla ya mvua za Machi na kuamua mlio gani ni wa mto, ili usichanganywe na wa msiba au wa wezi, na nani ana haki ya kuupiga saa nane za usiku bila kwenda kwanza kugonga mlango wa mtu kuomba ruhusa.